Habari za Kasuku Mdogo: Nyumba Yake na Vitu vya Kuchezea

Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari za kiumbe kidogo, ambacho uzito wake ni gramu 30 au 40 tu, wala hauzidi uzito wa yai dogo la kuku. Kiumbe hicho ni kasuku mdogo wa Australia, aitwaye kwa Kizungu bajerigari, ambaye watu humfuga tunduni kwa ajili ya rangi zake nzuri na sauti yake ya uchangamfu.

Labda wapo watakaosema: "Hayo ni mambo ya watu wa mjini. Sisi tuna migomba yetu na kahawa yetu, na ndege tunaowafuga ni kuku." Neno hilo lina kweli yake. Lakini watoto wetu wafanyao kazi mijini hurudi nyumbani na zawadi, na zawadi nyingine huwa na mabawa. Ndege huletwa ndani ya boksi, watoto hushangilia, kisha hutiwa katika chochote kilicho karibu, hata kama ni tenga la kuku. Baada ya siku chache huonekana amelala chini, miguu juu, wala hakuna ajuaye sababu. Watu husema, "Ndege hawa hawaiwezi nchi yetu." Sivyo. Mara nyingi nchi haina kosa. Nyumba ndiyo yenye kosa.

Basi neno letu kuu ni hili, nalo msomaji na alishike tangu mwanzo: amfungiaye kiumbe mlango amejitwika kazi zote ambazo kiumbe yule angejifanyia mwenyewe. Ndege aliye huru huchagua tawi lake, hukimbia moshi, hutafuta kivuli, na akiona adui huruka. Aliye tunduni hawezi hata moja la hayo. Ulichomwekea ndicho alicho nacho. Na ukimwekea sumu, hana pa kukimbilia.

MGENI HUYU ATOKA WAPI

Kwao ni katika nchi kavu ya bara ya Australia. Huko ndege hawa huishi kwa makundi, mara nyingine maelfu kwa maelfu, wakifuata mvua na mbegu za majani. Leo wapo hapa, kesho wamekwenda mbali. Hutaga mayai ndani ya mashimo ya miti, hasa ya mikaratusi. Rangi yao ya asili ni kijani, na uso wa manjano, na mistari myeusi mgongoni. Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould aliwaleta Uingereza wakiwa hai, na tangu wakati huo wafugaji wa Ulaya waliwazalisha tunduni kizazi baada ya kizazi, hata zikapatikana rangi za buluu, nyeupe, na nyingine nyingi.

Katika habari hizo fupi yamo mafundisho matatu. La kwanza, ndege huyu ameumbwa kwa kuruka mbali. Basi nyumba yake yataka urefu. La pili, ameumbwa kwa kuishi na wenzake; basi afadhali wawe wawili kuliko mmoja. La tatu, siku nzima alikuwa na kazi ya kutafuta chakula na kutafuna magome. Basi akikaa bure atadhoofika, na wengine hujinyonyoa manyoya yao wenyewe. Hayo matatu ndiyo msingi wa yote tutakayosema.

Wala msifikiri ya kuwa mkimchoka mtamfungulia mlango aende zake rweya. Amezaliwa tunduni, na wazazi wake walizaliwa tunduni. Hamjui mwewe wala hajui kutafuta mbegu katika nchi ngeni. Kumfungua namna hiyo si kumpa uhuru, bali ni kumtupa.

KWANZA, MSIMTWAE WA PORINI

Kabla hatujasema habari za tundu, hapana budi tuonye jambo moja. Kijana akiona kasuku wa dukani ana bei, aweza kuwaza moyoni: "Kwa nini ninunue, na kasuku wapo mitini?" Fikira hiyo imekwisha kuleta madhara makubwa katika nchi zetu. Kusini na kusini-mashariki ya Ziwa Viktoria yupo kasuku mwingine mdogo wa kijani, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, ambaye mwaka 1887 wataalamu walimpa jina la msafiri Mjerumani Gustav Fischer. Ndege huyo alinaswa kwa nyavu akauzwa ng'ambo kwa wingi mno, hata mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa zaidi duniani. Idadi yake ilipungua sana katika makao yake.

Tena yuko kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ajuaye kuiga maneno ya watu. Makao yake ni misitu ya Afrika ya Magharibi na Kongo, na mpaka wa nchi yake upande wa mashariki hufika Uganda, Kenya ya magharibi na pande zetu hizi za kaskazini-magharibi ya Tanzania. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg yakakata shauri ya kuwa kasuku huyu wa porini asiuzwe tena kati ya nchi na nchi kwa biashara, na shauri hilo likaanza kutumika mwaka 2017. Na hapa kwetu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kunasa na kufuga wanyama na ndege wa porini pasipo kibali. Basi tusemapo habari za kufuga, twasema juu ya ndege aliyezaliwa tunduni tu. Walio mitini waachwe mitini.

UKUBWA NA UMBO LA TUNDU

Watu wengi hununua tundu kwa kuliangalia wao wenyewe: lina rangi nzuri, lina kuba juu, linapendeza barazani. Yafaa kuliangalia kwa jicho la ndege. Kasuku mdogo huruka kwenda mbele kama mshale. Hapandi wima kama moshi. Kwa hiyo tundu refu la kusimama halimsaidii kama lile refu la kulala. Kwa ndege wawili twashauri urefu wa ubavu usipungue sentimita 80, na ukifika mita 1 ni bora zaidi. Upana sentimita 45, na kimo sentimita 50 au 60. Akipata zaidi, hatalalamika.

Umbo nalo lina maana. Wazee wetu walikaa katika nyumba za msonge, nazo zilikuwa nyumba njema kwa watu. Lakini kwa ndege tundu la mviringo halifai. Waya zake hukutana juu kama fito za paa la msonge, na pale zinapokaribiana ndipo kidole hunaswa. Tena ndege aliyeshtuka hutafuta pembe ya kujibanza, na mviringo hauna pembe. Tundu la pembe nne ndilo jema, na baadhi ya waya ziwe za kulala, kwa kuwa ndege huyu hupenda kupanda kwa mdomo na miguu kama mtu apandaye ngazi.

Tenga la kuku latosha kwa safari ya saa chache. Si nyumba. Ndani yake mna giza, hewa ni haba, na fito zake ndege atazitafuna akatoboa njia.

WAYA, MBAO NA VIJITI

Fundi wetu wa hapa kijijini aweza kutengeneza tundu jema kuliko mengi ya madukani, mradi aambiwe mambo manne.

Jambo la kwanza ni nafasi kati ya waya na waya. Isizidi nusu inchi, yaani sentimita 1.2 na kidogo. Wavu wa kuku wenye matundu ya inchi 1 haufai hata kidogo. Kichwa cha ndege huyu kitapita, mabega yatakataa, naye atajinyonga usiku watu wakiwa wamelala.

Jambo la pili ni zinki. Wavu mpya uliopakwa zinki una vitone na magamba yang'aayo, na kasuku, ambaye mdomo ni mkono wake wa tatu, huyang'oa na kuyameza. Zinki ikizidi mwilini humwua. Kama hamna wavu mwingine, usugueni kwa brashi ngumu na siki mpaka magamba yatoke, uoshwe kwa maji mengi, ukaushwe juani. Hivyo hatari hupungua, ijapokuwa haiishi kabisa. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora kwa mwenye uwezo. Wala msipake rangi ya zamani iliyobaki stoo, kwa sababu rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi.

Jambo la tatu ni mbao. Mbao za fremu ziwe safi, zisiwe za nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, na wavu upigiliwe upande wa ndani ili ndege asiifikie mbao na kuitafuna.

Jambo la nne ni mlango. Milango ya kupandisha juu na kuachia ishuke ni hatari: ndege hujifunza kuinua kwa mdomo, huingiza kichwa, na mlango humwangukia shingoni. Mlango ufunguke kwa ubavu, kama mlango wa nyumba, na uwe na kifungo.

Sasa, vijiti vya kutulia. Ndege hutumia karibu maisha yake yote akiwa amesimama, hata akilala usingizi. Kijiti kimoja cha mviringo chenye unene ule ule siku zote humwumiza nyayo zikafanya vidonda. Mpeni vijiti vya miti, vya unene mbalimbali, kama sentimita 1 mpaka 2, vyenye magome yake. Mpera ni mti mwema kwa kazi hii. Hata mkaratusi wafaa, nao ulitoka Australia kama ndege mwenyewe. Vijiti vitoke katika mti usiopuliziwa dawa ya wadudu. Vioshwe, vikaushwe, ndipo viwekwe. Wala visiwekwe juu ya chombo cha chakula au cha maji, ndege asije akavichafua.

Hapa twamwomba kila msomaji asimame kidogo. Katika vibanja vyetu kuna mti mmoja tuupendao sana, ambao kwa ndege huyu ni mauti: mparachichi. Majani yake, magome yake, kokwa lake na tunda lenyewe vina sumu iitwayo persini, ambayo hudhuru moyo wa ndege. Wataalamu walipowalisha kasuku wadogo wa aina hii parachichi, waliona ndege wakifa kabla ya siku mbili kwisha. Basi kijiti cha mparachichi kisiingie tunduni, na mtoto alaye parachichi asimwonjeshe ndege kwa kidole. Huruma ya mtoto pasipo maarifa yaweza kuua kama ukatili.

Vivyo hivyo kahawa. Kahawa ile ya kutafuna, tunayompa mgeni kwa heshima, ina kafeini, na kafeini hupeleka mbio moyo wa ndege mpaka usimame. Mgeni huyu asipewe.

MAHALI PA KULIWEKA TUNDU

Tundu jema likiwekwa mahali pabaya ni bure. Mahali pabaya kupita pote ni jikoni.

Mapafu ya ndege hayakuumbwa kama ya mtu. Yana mifuko ya hewa iliyotapakaa mwilini, na hewa hupita ndani yake kwa njia moja isiyorudi nyuma. Kwa hiyo ndege huchota hewa njema kwa nguvu kuliko sisi, na sumu iliyomo hewani huichota kwa nguvu ile ile. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilijua jambo hili; walichukua chiriku wa manjano tunduni mpaka chini ya ardhi, ndege akianguka wakajua ya kuwa kuna hewa ya sumu, wakakimbia. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1986, vilipopatikana vyombo vya kupimia hewa. Ndege alitangulia kufa ili watu wapone. Katika nyumba zetu hatumtaki kwa kazi hiyo.

Basi moshi wa kuni, mvuke wa mkaa, koroboi, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupulizia mende, naftalini ya kabatini, na sigara, vyote na vikae mbali naye. Zaidi ya hayo, siku hizi nyumba nyingi zina vikaango vyeusi visivyogandisha chakula. Kikaango cha namna hiyo kikisahauliwa motoni kikapata joto kupita kiasi, hutoa hewa isiyoonekana wala kunukia sana, ambayo kwa dakika chache huua ndege aliye chumba cha pili. Akina mama na waangalie hasa mwezi wa Novemba na Desemba, wakati wa senene, ambapo kikaango hakitoki motoni. Senene zikaangwe, zilimwe kwa furaha; lakini ndege awe mbali, na dirisha liwe wazi.

Mahali pema ni chumba wanachokaa watu mchana, upande mmoja ukiegemea ukuta, kimo cha macho ya mtu. Jua la asubuhi limfikie kidogo, lakini sikuzote pawepo kivuli cha kukimbilia. Upepo wa Ziwa usipite moja kwa moja tunduni, hasa wakati wa mvua. Dirisha na mlango, kama kinyume cha kinyume, havifai.

Usiku nao una adui zake. Paka huingiza ukucha. Panya hula mbegu na kuziacha na mkojo wake. Nyoka mwembamba hupita penye nafasi. Na siafu, kila mfugaji wa kuku awajua: wakipita usiku wakamkuta ndege amefungwa, asubuhi mtakuta mifupa. Tundu likae juu ya meza au kinara chenye miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye maji, mbali na ukuta kwa kiasi cha kutosha siafu wasipate daraja. Likitundikwa kwa kamba, kamba nayo ni njia, ikaguliwe.

Kwetu jua huchwa karibu saa 1 ya usiku mwaka mzima. Ndege na afuate jua. Tundu lifunikwe kwa kitambaa chepesi kipitishacho hewa, na redio ipunguzwe sauti. Asiyelala saa 10 au 12 hudhoofika upesi.

VITU VYA KUCHEZEA NDIYO KAZI YAKE

Mtu mzima aweza kucheka akisikia ya kuwa ndege ahitaji vitu vya kuchezea. Lakini tukumbuke fundisho la tatu. Huko kwao ndege huyu hupambazukiwa na kazi: kutafuta mbegu, kuambua magome, kukagua mashimo. Tumempa chakula ndani ya kikombe, tumemwondolea kazi yote. Amemaliza kula kwa robo saa. Afanye nini mpaka magharibi? Basi kitu cha kuchezea ni kazi tunayomrudishia.

Na kazi iliyo njema haina bei. Tundikeni suke zima la mtama au la ulezi, alipukuchue mwenyewe. Fungeni mbegu chache ndani ya ganda kavu la hindi, alifungue. Mpeni gunzi safi alichambue. Tawi bichi la mpera lenye majani, majani ya rweya yenye mbegu yaliyochumwa mahali pasipo dawa, ngazi ndogo ya vijiti, bembea ya kijiti na waya mgumu usio na zinki: hivi vyote vyafaa. Majani makavu ya mgomba nayo atayachana kwa furaha. Ila yawe makavu kweli, kwa sababu yakishika unyevu hufanya ukungu, na ukungu huingia mapafuni mwake.

Vilivyo hatari twavitaja kimoja kimoja, ili msisahau.

Nyuzi ndefu. Kamba ya katani, uzi wa nailoni, nyuzi za gunia au za mkeka zilizochanika humzonga kidole. Kidole huvimba, hukauka, hukatika. Kamba ikitumika iwe fupi, nene, na kila wiki ikatwe ncha zilizofumuka.

Madini ya risasi. Watu wa ufukweni wana vipande vya risasi vya kuzamisha nyavu. Watoto huviokota na kuvitundika kwa kuwa vinabembea vizuri. Kipande kidogo kikikwanguliwa na kumezwa chatosha kumtia ndege kifafa na kumwua. Vivyo hivyo risasi ya kulehemia redio, na betri zilizokwisha.

Kengele zenye ufa. Zile njuga ndogo za mviringo, zenye mpasuko wa msalaba chini, hunasa ncha ya mdomo au ukucha. Kengele ya mdomo wazi ni afadhali, kama ulimi wake umekazwa vizuri asiweze kuung'oa.

Pete na minyororo. Kanuni yake ni moja, nayo ni rahisi kukumbuka: kila tundu la kitu cha kuchezea liwe dogo hata kichwa na mguu visipite, au liwe kubwa hata mwili mzima upite. Lililo katikati ndilo mtego.

Plastiki laini, mpira, na vitu vyenye rangi itokayo. Kama rangi yatoka kwenye kitambaa chenye maji ukisugua, itatoka na kwenye ulimi wa ndege.

Kioo. Ndege aliye peke yake, akiona sura yake kiooni, huidhania kuwa mwenzake. Huisemesha, huilisha kwa chakula alichotapika, hungoja jibu lisilokuja. Wengine huacha hata kula vizuri. Badala ya kumdanganya kwa kioo, mpeni mwenziwe wa kweli. Na kama hawezekani, mpeni sauti yenu na saa zenu.

Vitu vitatu au vinne kwa wakati mmoja vyatosha, ili nafasi ya kuruka isizibwe. Kila wiki ondoeni kimoja, tieni kingine. Kitu kipya kisitundikwe ghafula karibu na kichwa chake, maana ndege huogopa. Kiwekwe kwanza nje ya tundu akitazame siku moja mbili, kisha kiingizwe. Na kila asubuhi mtu mmoja wa nyumba, akiwa anabadili maji, avikague vyote kwa jicho na kwa kidole. Kazi hiyo yafaa sana kupewa mtoto mwenye umri wa kujua wajibu, mkubwa akimwangalia kwa siku za kwanza. Mtoto ajifunzaye kuona uzi uliofumuka kabla haujamzonga ndege amejifunza jambo litakalomfaa hata atakapolea watu.

USAFI, NA AFYA YA WENYE NYUMBA

Twasema habari za usalama wa ndege, lakini nyumba ya ndege yahusu na usalama wa watu. Mwaka 1929 na 1930 ugonjwa wa mapafu ulienea katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika, nao ulitoka kwa kasuku waliosafirishwa kuuzwa. Ugonjwa huo upo mpaka leo, nao huingia mwilini kwa kuvuta vumbi la mavi makavu na manyoya ya ndege mgonjwa. Kwa sasa una dawa, mtu hupona akitibiwa mapema. Lakini mara nyingi hudhaniwa kuwa homa nyingine.

Kwa hiyo tandikeni karatasi ya gazeti chini ya tundu, ibadilishwe kila siku. Karatasi ni bora kuliko unga wa mbao, kwa kuwa huonyesha mavi, na mavi ndiyo taarifa ya kwanza ya ndege mgonjwa. Kabla ya kufagia, nyunyizeni maji kidogo ili vumbi lisiruke. Vyombo vya chakula na maji, viwe vya udongo au vya chuma kisichoshika kutu, vioshwe kila siku, navyo visioshwe pamoja na vyombo vya watu. Mikono ioshwe kwa sabuni. Watoto wasimbusu ndege mdomoni. Ndege mpya akae peke yake katika chumba kingine siku 30 au zaidi kabla ya kuunganishwa na mwenzake. Na mtu wa nyumba akishikwa na homa na kikohozi, amwambie mganga hospitalini ya kuwa nyumbani kuna kasuku. Neno hilo moja laweza kumsaidia mganga kuutambua ugonjwa.

KABLA YA KUNUNUA

Ndugu zetu, kasuku mdogo akitunzwa vizuri aweza kuishi miaka 5 mpaka 10. Mtoto aliyempokea akiwa darasa la pili aweza kuwa amemaliza shule ya msingi na ndege bado anaimba. Basi kabla ya kununua, au kabla ya kumwagiza ndugu aliye mjini, wenye nyumba na wakae pamoja jioni moja wajiulize: Tundu la urefu wa kutosha twaweza kulipata? Tuna chumba kisicho na moshi? Atakuwa peke yake au pamoja na mwenzake? Nani atayakagua maji na vijiti kila asubuhi, hata wakati wa kuvuna kahawa, hata tukienda msibani? Mtoto akienda shule ya bweni, nani atashika nafasi yake?

Wakijibu yote kwa moyo mmoja, na wamlete. Watapata furaha, na watoto watapata mafundisho. Wakiona majibu ni mazito, wasione aibu kuacha. Kuacha nako ni wema. Ndege wa bure hawapungui kwetu: asubuhi hutua juu ya mikahawa na migomba, wamejichagulia tawi wenyewe, na kuwatazama hakuhitaji waya wala mlango.

Na yule ambaye tayari ana ndege ndani ya nyumba, asingoje kesho. Leo hii, kabla jua halijachwa, na alisogelee tundu akiwa na kijiti cha kupimia na jicho la makini. Apime nafasi ya waya, avunje kijiti cha mparachichi kama kipo, akate uzi uliofumuka, aliondoe tundu jikoni. Kazi ya nusu saa. Tena akimaliza gazeti hili, na amsomee jirani asiyejua kusoma, maana huenda naye ameletewa zawadi yenye mabawa.